Diski Iliyouzwa Mara ya Pili: Vizuizi vya Uuzaji wa Michezo ya Video Iliyotumika nchini Japani na Marekani, 1999–2020

Tarehe 19 Juni 2013, kampuni ya Microsoft ilifuta masharti iliyokuwa imeyatangaza tarehe 6 ya mwezi huohuo kuhusu namna mnunuzi wa konsoli ya Xbox One angeweza kuuza, kumwazima mtu au kugawa mchezo alioununua. Tukio hilo huelezwa mara nyingi kama ushindi wa wateja waliopaza sauti. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanamwacha nje mhusika wa tatu, yaani muuzaji rejareja, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyesimama kati ya mtengenezaji wa konsoli na mchezaji. Makala haya yanajenga hoja kwamba vizuizi vya wazi dhidi ya michezo iliyotumika vilishindwa katika kipindi ambacho mtengenezaji bado aliihitaji rafu ya duka, na kwamba haja hiyo ilipopungua, matokeo yaleyale yalipatikana bila kizuizi chochote kutangazwa.

Chanzo cha mgogoro kimo katika namna biashara ya konsoli ilivyojengwa. Mtengenezaji huuza mashine yenyewe kwa faida ndogo, na nyakati nyingine kwa hasara, akitegemea mrabaha anaolipwa na wachapishaji kwa kila nakala mpya ya mchezo. Nakala inayouzwa mara ya pili haimletei mrabaha, wala mchapishaji hapati kitu. Kwa mwenye duka hali ni kinyume kabisa: mashine humpa faida finyu, mchezo mpya humpa faida ya wastani, na mchezo uliotumika, ambao bei yake ya kununulia na ya kuuzia huipanga mwenyewe, humpa faida kubwa kuliko vyote. Hivyo diski moja ilikuwa hasara kwa mmoja na riziki kwa mwingine, ingawa wote wawili walihitajiana ili mashine ifike nyumbani kwa mteja.

Japani ndiko swali hili lilikopelekwa mahakamani kwa uzito wa pekee. Sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo iliipa kazi ya sinema haki ya usambazaji ambayo vitabu na kazi nyingine hazikuwa nayo. Haki hiyo ilikusudiwa kulinda mzunguko wa nakala chache za filamu kutoka jumba moja la sinema hadi jingine. Wachapishaji wa michezo, wakiwamo Capcom, Konami, Namco, Sega na Square, pamoja na kampuni ya Sony iliyotengeneza PlayStation, walidai kwamba mchezo wa video ni sinema, na kwa hiyo duka haliwezi kuuza nakala iliyotumika bila idhini yao. Mwaka 1999 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliikataa hoja hiyo katika shauri la aina hiyohiyo, ilhali Mahakama ya Wilaya ya Osaka iliikubali. Mwaka 2001 mahakama za rufani za miji yote miwili ziliwapa ushindi wenye maduka, na tarehe 25 Aprili 2002 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Uamuzi wake unastahili kusomwa kwa makini kwa sababu uliwapa wachapishaji nusu ya walichokitaka. Mahakama ilikiri kwamba mchezo wa video ni kazi ya sinema, lakini ikaamua kwamba kwa nakala zinazouzwa kwa umma haki ya usambazaji huisha pale nakala inapouzwa kihalali kwa mara ya kwanza. Sony, ikumbukwe, ilikuwa upande ulioshindwa. Miaka 11 baadaye kampuni hiyohiyo ingejitokeza kama mtetezi wa diski iliyotumika.

Nchini Marekani kanuni ilikuwa imekwisha kukaa. Katika shauri la Bobbs-Merrill dhidi ya Straus la mwaka 1908, mchapishaji alichapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe chini ya dola moja. Duka liliiuza kwa senti 89, na Mahakama ya Juu ikasema kwamba haki ya mchapishaji kusimamia bei ilikoma baada ya yeye mwenyewe kuiuza nakala. Bunge liliiingiza kanuni hiyo katika sheria ya mwaka 1909 na ile ya 1976. Hata mwaka 1990, lilipopiga marufuku ukodishaji wa programu za kompyuta bila idhini ya wenye haki, michezo ya konsoli iliachwa nje ya marufuku hiyo. Kwa kuwa mlango wa sheria ulikuwa umefungwa, vizuizi vya baadaye vilitafutiwa njia nyingine, ndani ya mashine na ndani ya mkataba.

Juu ya msingi huo wa kisheria ilisimama biashara kubwa. FuncoLand, iliyoanza Minnesota mwaka 1988, ilijijengea jina kwa kununua na kuuza michezo iliyotumika, ikitoa orodha za bei zilizochapwa mfano wa gazeti. Mwaka 2000 ilinunuliwa na kuunganishwa na maduka ambayo baadaye yaliitwa GameStop, na mwaka 2005 GameStop ikaungana na mshindani wake, EB Games. Katika mwaka wa fedha wa 2012 GameStop iliuza bidhaa za takribani dola bilioni 8.9. Zilizotumika zilikuwa takribani bilioni 2.4, yaani zaidi kidogo ya robo ya mauzo, lakini zilileta zaidi ya asilimia 40 ya faida ghafi. Kila dola 100 za bidhaa zilizotumika zilibakiza faida ghafi ya takribani dola 48. Za michezo mipya zilibakiza takribani 22. Za mashine mpya hazikufika 8. Kwa maneno mengine, aliyeuza konsoli mpya aliiuza karibu bure, akitarajia kwamba mnunuzi angerudi dukani na diski mkononi.

Kampuni hiyo ilijitetea kwa kudai kwamba asilimia 70 ya thamani ambayo wateja walipewa kwa michezo waliyorudisha ilitumika kununua michezo mipya. Takwimu hiyo ilitoka kwa mwenye maslahi, na haipaswi kuchukuliwa kama ushahidi huru. Hata hivyo mantiki yake si dhaifu. Mteja anayelipa dola 60 huku akijua kwamba sehemu ya fedha hizo itarudi, hufanya hesabu tofauti na yule asiye na tumaini hilo. Kizuizi cha kuuza tena, basi, ni ongezeko la bei lisiloandikwa kwenye boksi.

Jaribio la kwanza la kupita kando ya sheria lilifanywa na mchapishaji. Mwezi Mei 2010 Electronic Arts ilitangaza utaratibu wa kuweka msimbo ndani ya nakala mpya za michezo yake ya spoti. Aliyenunua nakala iliyotumika alipaswa kulipa dola 10 ili acheze mtandaoni. GameStop haikupinga hadharani. Kinyume chake, uongozi wake uliupokea mpango huo kwa maneno ya ukarimu, na maduka yake yakauza misimbo. Ukimya huo unaeleweka: muuzaji aliyetegemea nakala mpya za mchapishaji kila msimu hakuwa katika nafasi ya kugombana naye kwa dola 10. Aliyelipia ni mteja wa mwisho. Electronic Arts iliuacha utaratibu huo Mei 2013, siku chache kabla Xbox One haijaoneshwa.

Masharti ya Microsoft yalikwenda mbali zaidi. Diski ingebaki kuwa chombo cha kubebea data tu. Haki ya kucheza ingefungwa kwenye akaunti, na mashine ingelazimika kuwasiliana na seva walau mara moja kila saa 24. Mchezo ungeweza kurudishwa kwa wauzaji walioidhinishwa iwapo mchapishaji ameruhusu, au kupewa rafiki aliyekuwa kwenye orodha ya mtumiaji kwa siku 30 au zaidi, tena mara moja tu. Aliyetishiwa zaidi hapa hakuwa GameStop, ambayo ingetarajiwa kuwamo kwenye orodha ya walioidhinishwa, bali mwenye duka dogo na mtu binafsi anayemuuzia jirani yake. Masharti hayo, licha ya kuwekwa kwa sura ya teknolojia, yangegawa upya soko la rejareja. Inafaa kutajwa pia kwamba orodha ya nchi 21 ambamo mashine ingefanya kazi haikuwa na nchi hata moja ya Afrika wala Japani yenyewe. Diski iliyovuka mipaka kwa njia za kawaida za biashara ndogo isingefaa kitu.

Tarehe 10 Juni, huko Los Angeles, Sony ilitangaza kwamba PlayStation 4 haingeweka kizuizi kwa michezo iliyotumika na kwamba ingeuzwa dola 399, dola 100 chini ya Xbox One. Siku tisa baadaye Microsoft ilirudi nyuma. Kufikia mwisho wa Desemba PlayStation 4 ilikuwa imeuzwa milioni 4.2, na Xbox One zaidi kidogo ya milioni 3. Tofauti hiyo haiwezi kubebeshwa masharti peke yake, kwa sababu bei ilitofautiana na Xbox One iliuzwa katika nchi chache zaidi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mtengenezaji aliyewahi kushindwa mahakamani huko Japani alikuwa ametambua thamani ya haki aliyoipinga: iliweza kutumika kama tangazo la biashara.

Ushindi wa diski haukudumu, kwa sababu diski yenyewe ilikuwa inaondoka. Mchezo unaopakuliwa kutoka duka la mtengenezaji hauna nakala ya kurudisha, na mahakama hazikuwa tayari kuupa kinga ile ya 1908. Desemba 2018 mahakama ya rufani mjini New York, katika shauri la ReDigi lililohusu muziki, na Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Tom Kabinet lililohusu vitabu vya kielektroniki, ziliamua kwamba kupitisha faili mtandaoni si sawa na kuuza kitu kilichotumika. Mwaka 2019 Microsoft iliuza Xbox One isiyo na sehemu ya kuingizia diski. Hakuna sera iliyotangazwa, na hakukuwa na ghadhabu ya kulinganishwa na ile ya 2013. Mnunuzi aliyechagua mashine hiyo alipunguziwa bei na kuachana na soko la mitumba kwa hiari yake. Katika mwaka wa fedha wa 2018 GameStop ilipata hasara ya dola milioni 673, sehemu kubwa ikiwa ni kushushwa kwa thamani ya mali zake vitabuni, na mwaka uliofuata milioni 471.

Oktoba 2020, mwezi mmoja kabla ya kizazi kipya cha konsoli kuingia sokoni, GameStop ilitia saini makubaliano ya miaka kadhaa na Microsoft, na ikaelezwa kwamba ingepata sehemu ya mapato ya michezo itakayopakuliwa kwenye mashine ilizoziuza yenyewe. Miongoni mwa mashine hizo ilikuwamo Xbox Series S ya dola 299, isiyo na mahali pa kuingiza diski.