Tikiti ni ya kampuni moja, ndeke ni ya ingine: kiti kinaombwa wapi?

Mutu wa Likasi anayeenda Ulaya, Kanada ao Marekani anaanza safari yake kwa barabara: karibu kilometre 120 mupaka Lubumbashi, kisha kiwanja cha ndeke cha Luano. Kutoka pale, mara mingi hafiki na ndeke moja tu. Atabadilisha ndeke Addis-Abeba, Nairobi ao Johannesburg. Na njo pale kunatokeaka jambo lenye wasafiri wengi wanalijua tu wakati wako mbele ya gishe: tikiti iliuzwa na kampuni moja, lakini ndeke ya pili ni ya kampuni ingine. Kiti chenye waliomba hakionekane. Mama anakaa ku mustari wa 18, mutoto wake wa miaka 4 anapewa mustari wa 31.

Shida hiyo inaweza kuepukwa, na mara mingi bila kulipa hata franka moja. Inaomba tu kujua nani eko na funguo ya kile kiti.

Kode mbili ku ndeke moja

Kila kampuni ya ndeke iko na kode yake ya alama mbili. Ethiopian Airlines ni ET, Kenya Airways ni KQ, KLM ya Uholanzi ni KL, Lufthansa ya Ujerumani ni LH, United ya Marekani ni UA. Wakati kampuni mbili zinapatana, moja inaweza kuuza viti vya ndeke ya mwenzake na kuweka pale kode yake yenyewe. Ndeke ni moja, wasafiri wanakaa pamoja, lakini ku kibao cha kiwanja safari hiyo inaandikwa namba mbili, hata tatu. Hiyo njo kugawana kode.

Desturi hiyo si ya jana. Qantas ya Australia na American Airlines ya Marekani zilipatana vile mwaka wa 1989, na kampuni zingine zikafuata. Kisha kukaja miungano mikubwa: Star Alliance katika 1997, SkyTeam katika 2000. Kenya Airways iliingia SkyTeam katika 2010, Ethiopian Airlines ikaingia Star Alliance katika 2011. Lakini kuwa katika muungano mumoja si kusema kampuni zinagawana kode kila pahali. Mapatano yanafanywa kwa safari hii na hii.

Kwa Wakongomani, jambo hilo linawagusa sana. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya uliweka kampuni za ndeke zenye zilipewa ruhusa na Kongo ku liste ya zile zenye haziruhusiwe kuruka katika anga yake. Kwa hiyo, kila mutu anayetoka Haut-Katanga kwenda Ulaya anapanda ndeke ya inchi ingine, na mara mingi ndeke za kampuni mbili. Sheria ile ile ya Ulaya juu ya liste hiyo, namba 2111 ya mwaka wa 2005, inaomba pia muuzaji wa tikiti amuambie musafiri jina la kampuni yenye itarusha ndeke kwa safari zenye zinaanzia Ulaya. Jina hilo njo la maana kuliko lile lenye liko juu ya tikiti kwa herufi kubwa.

Mwenye ndeke njo mwenye kiti

Kanuni ni hii: kampuni yenye kuuza tikiti inapokea feza, lakini kampuni yenye kurusha ndeke njo inashika mupango wa viti.

Tuseme mama mumoja wa Kikula ananunua, ku ajansi, tikiti ya Kenya Airways kwa safari ya Lubumbashi, Nairobi, Amsterdam. Ndeke ya kwanza ni ya Kenya Airways. Ya pili iko na namba ya KQ ku tikiti, lakini ndeke yenyewe ni ya KLM. Ajansi inamupa kode ya reservasio ya alama 6, herufi na namba. Anaingia nayo ku intaneti ya Kenya Airways na anachagua kiti mupaka Nairobi bila shida. Kwa safari ya pili, ukurasa unaweza kumuambia haiwezekane, ao haumuonyeshe kitu. Anafikiri tikiti iko mubaya. Hapana. Ile kode ni ya Kenya Airways, na KLM inaweza kuwa na kode yake ingine, ya alama 6 pia, kwa msafara ule ule. Kama anaingia nayo kwa KLM, mupango wa viti unafunguka.

Kwa nini kode ni mbili? Mara mingi, kila kampuni inaweka reservasio ndani ya mashini yake. Kuna mifumo mikubwa yenye inatumiwa na kampuni nyingi: Sabre, yenye ilizaliwa ndani ya American Airlines katika miaka ya 1960, na Amadeus, yenye kampuni za Ulaya zilianzisha katika 1987. Mifumo hiyo inatumiana ujumbe. Jina na tarehe zinafika vizuri. Lakini ombi la kiti linaweza kubakia njiani, ao kufika na kukosa jibu. Hata wakati ajansi inasema "Mama, kiti nimekuombea", ile ni ombi bado. Kiti kinakuwa cha kweli wakati mwenye ndeke anajibu na namba ya kiti inaonekana kwake.

Namna ya kujua mwenye ndeke

Kwanza, kusoma tikiti mupaka chini. Karibu na namba ya safari, kwa herufi kidogo, kunaandikwa "opéré par" ao kwa Kiingereza "operated by", kisha jina la kampuni. Jina hilo njo mwenye ndeke.

Pili, kuangalia namba ya safari. Namba ya tarakimu 4 kisha kode mara mingi inaonyesha kiti kiliuzwa juu ya ndeke ya mwenzake. Si sheria ya kila pahali, lakini ni alama ya kufanya mutu aulize.

Tatu, kuuliza ajansi kwa maneno haya: "Papa, munipatie kode ya reservasio ya kampuni yenye itarusha ndeke ya pili." Jibu zuri ni alama 6. Kama ajansi haiioni, kampuni yenye iliuza tikiti inaweza kuitoa kwa telefone ao ku biro yake Lubumbashi.

Kuna namba ingine yenye inasaidia: namba ya tikiti, yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha kampuni yenye ilitoa tikiti: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 074 ni KLM, 220 ni Lufthansa, 016 ni United. Kampuni zingine zinakubali namba hiyo pamoja na jina, hata kama kode haiko.

Juu ya jina, Wakongomani wanapatwa na shida yao ya pekee. Sisi tuko na jina, postnom na prenom, lakini mashini mingi inajua tu jina la jamaa na jina la mutu. Ajansi ingine inaandika jina na postnom pamoja bila nafasi katikati. Kama ukurasa unasema reservasio haionekane, musafiri aandike jina kama vile liko juu ya tikiti, si kama anavyolisema nyumbani.

Kuomba, kulipa, kupewa

Tikiti ya bei ya chini mara mingi haiko na haki ya kuchagua kiti bure. Kampuni inatoa kiti siku ya kujiandikisha, ao inaomba malipo. Kwa kampuni mingi, kujiandikisha ku intaneti kunafunguka karibu saa 24 mbele ya safari, zingine mbele zaidi. Saa ile njo nzuri kwa mwenye hataki kulipa: viti vyenye vilibakia vinafunguliwa, na wa kwanza kuingia anachagua. Kwa tikiti ya kampuni mbili, inaomba wakati mwingine kujiandikisha mara mbili, kwa kila mwenye ndeke.

Mwenye kulipa kiti aombe karatasi ya malipo. Malipo ya kiti yako na namba yake yenyewe, haichanganyike na ile ya tikiti. Bila ile karatasi, ni nguvu kurudishiwa feza kama kampuni inabadilisha ndeke. Na inatokeaka: ndeke kubwa inarudishwa nyuma, kidogo inaletwa, mupango wa viti unaanza upya. Kwa hiyo, kila wakati saa ya safari inabadilishwa, ni muzuri kuangalia tena namba ya kiti.

Watoto, wazee na wagonjwa

Hapa kiti si mambo ya starehe tena. Kitanda kidogo cha mutoto muchanga kinafungwa tu ku ukuta wa mbele wa sehemu fulani, na viko vichache. Kiti cha magurudumu kwa muzee mwenye magoti mabaya kinaombwa pia mbele, na kampuni mingi zinataka kuambiwa hata saa 48 mbele ya safari. Maombi hayo yafike kwa kila mwenye ndeke. Kuambia ajansi peke yake haitoshe: inaomba kuuliza kama kampuni ya pili ilijibu.

Mustari wa mulango wa hatari uko na nafasi ya miguu, lakini hautolewe kwa watoto, kwa mama mwenye mimba, wala kwa mutu mwenye anahitaji musaada wa kutembea.

Kwa jamaa zenye zinaenda Kanada, kuna sheria ya kujua. Tangu mwezi wa 12 wa 2019, kwa safari za kuingia na kutoka Kanada, kampuni inapaswa kukalisha mutoto wa chini ya miaka 14 karibu na muzazi bila malipo ya kuongeza. Wa chini ya miaka 5 anakaa pembeni yake kabisa. Wa miaka 5 mupaka 11 anakaa ku mustari ule ule, kukiwa kiti kimoja tu katikati. Wa 12 ao 13 hatenganishwe kwa kupita mustari mumoja.

Siku yenyewe, Luano

Tikiti bila namba ya kiti si tikiti ya uongo. Nafasi ilikwisha kulipwa. Kinachokosekana ni pa kukaa. Lakini kampuni mingi zinauzaka tikiti kupita hesabu ya viti, na mwenye kufika wa mwisho bila kiti njo anaweza kubakia. Kwa mutu wa Likasi, hiyo ni kusema kuhesabu barabara vizuri na kufika mapema.

Ku gishe, musafiri aulize kama karatasi ya kupanda ndeke ya pili itatoka pale pale. Kama haitoke, mizigo inaweza kwenda mupaka mwisho, lakini kiti kitaombwa kule kwenye anabadilisha ndeke, ku gishe ya kampuni yenye inarusha ndeke ya pili. Si ya ile yenye iliuza tikiti.

Mbele ya kutoka ku mulango wa ajansi, maulizo 4 yanatosha: Ni kampuni gani inarusha kila ndeke? Kode yake ni gani? Namba ya kiti imekubaliwa, ao ni ombi bado? Na kama nimelipa kiti, karatasi yake iko wapi? Ajansi ya kweli inajibu yote kwa dakika chache. Majibu yaandikwe nyuma ya tikiti, sababu kule Nairobi ao Addis-Abeba telefone ya Kongo inaweza kukosa rezo.