Pangani: Watu na Mipaka Yao

Wilaya ya Pangani ni ndogo kwa watu, kwani sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 54,025 tu katika Mkoa wa Tanga uliokuwa na watu 2,045,205. Na kwa maoni yangu, atakaye kuelewa idadi hiyo hana budi kuanza na Mto Pangani, maana ndio unaoikata nchi mapande mawili, mji na Madanga kaskazini, Bweni, Mwera na Mkwaja kusini, hata ikawa kwamba kwa vizazi vingi mtu wa kusini mwenye shauri bomani alilazimika kwanza kungoja chombo cha kumvusha.

Zama za Masayyid wa Unguja, liwali alikaa mjini akisimamia forodha, ilhali vijiji vilikuwa mikononi mwa majumbe. Utaratibu huo ulitikiswa Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuitwaa pwani kwa mkataba wa Sultani. Raia wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, naye akanyongwa papa hapa Pangani Desemba 1889. Wajerumani wakaweka maakida juu ya majumbe.

Lakini lililoibadili Pangani kuliko amri yoyote ya dola ni mmea. Mnamo 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na katika hiyo ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe, humu wilayani; nayo ndiyo asili ya mashamba yaliyoenea Tanga nzima. Mkonge unataka mikono mingi, na wenyeji, Wazigua, Wabondei na Waswahili, waliokuwa na minazi yao, mashamba yao na bahari yao, hawakuwa na haja ya kuukata. Basi wakaletwa manamba kutoka bara, Wanyamwezi, Waha, Wabena, na wengineo. Kila mmoja alipewa kipande, karatasi yenye nafasi 30, na kila alipotimiza kazi ya siku hutiwa alama moja, wala ujira hakupata mpaka nafasi zote zijae. Hesabu ya watu wa Pangani, kwa miaka mingi, ilipanda na kushuka pamoja na haja ya mashamba, na haiwezi kusomwa kana kwamba ni ya kizazi cha wenyeji peke yao. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, wengi hawakurejea makwao. Wakaoa, wakalima, na watoto wao ni Wapangani kamili, jambo ambalo naona halijapewa haki yake katika maandishi yetu.

Utawala nao uliendelea kubadilika. Waingereza, waliowafuata Wajerumani, walileta utawala wa wenyeji kwa sheria ya 1926; Serikali huru ikauondoa utawala wa machifu mwaka 1963; halmashauri zikafutwa 1972, zikarudi 1984. Leo wilaya ina tarafa nne, Pangani, Madanga, Mwera na Mkwaja, na chini yake kata, vijiji na vitongoji.

Tarafa ya Mkwaja ndiyo yenye kunifikirisha zaidi. Huko kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000, na eneo lake likatiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi ya tarafa hiyo ni ya wanyama, na vijiji vyake vimebaki ukanda mwembamba ufuoni, vikitegemea uvuvi na minazi, huku mwenye kupanga shule au zahanati akiwahesabu watu ambao ardhi yao ya kupanukia imekwisha wekewa mpaka.