Bunduki Isiyo na Namba

Mwaka 2010, bunduki ya marisau ya kampuni ya A. H. Fox ya Philadelphia iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Kilichoipandisha bei ni mmiliki wake wa kwanza: Theodore Roosevelt, aliyekuja nayo kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909.

Mimi nasomea historia, na nikiona bei hiyo nayawaza magobore ya Ngara na Biharamulo. Nayo yana ukoo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume. Mwafrika akaachiwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati. Mafundi wa vijijini wakabadili vitako, wakaunga mitutu, kisha wakajitengenezea yao kwa mabomba ya chuma.

Umiliki wa gobore hukaa midomoni: babu alilindia mahindi, mjomba akaliazima, mjukuu akalikuta darini. Sheria ya silaha ya 2015 inadai leseni, na sehemu ya mapori ya Biharamulo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Urithi wa mjukuu sasa ni kielelezo mahakamani.

Sitetei ujangili. Gobore lisalimishwe, na likiteketezwa sawa. Ila kabla ya moto, polisi au mwanafunzi kama mimi aulize na kuandika: nani alilitengeneza, nani alilirithi, lililinda shamba gani.