Chuma na Masika: Jinsi ya Kulihifadhi Gari Linalolala Nje

Mwenye kitabu akifungue. Asiye na kitabu asogee karibu na jirani yake.

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia ya kutumia nyumbani. Tutajifunza namna ya kulihifadhi gari linalolala nje wakati wa masika. Walimu wetu ni wawili: wahunzi wa Kifipa wa zamani, na meli moja ya Ziwa Tanganyika.

Ninyi mnaokaa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere mnayajua masika yenu. Mvua huanza Novemba, na huendelea mpaka Aprili. Barabara ya lami kutoka Tunduma ilifika Sumbawanga katika miaka ya 2010, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo. Zikilowa, gari halipiti. Basi mwenyewe huliacha uani akingoja kiangazi. Gari hilo amelinunua kwa mahindi ya miaka mingi. Je, mwezi wa Mei litawaka? Au atakuta betri imekufa, breki zimeshikana, na bati la chini limetoboka?

Kwanza tumjue adui. Adui huyo ni kutu. Kutu ni nini?

Wafipa wa zamani walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu. Moja huitwa ilungu. Ilungu lilipita kimo cha mtu, hata likafika kama futi 10. Ndani yake walitia mawe ya chuma na makaa ya miti, kisha wakawasha moto. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na taka. Kwa hiyo walikichoma mara ya pili katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo mivukuto ilitumika. Ndipo mhunzi alipofua majembe, mashoka na mikuki.

Sasa sikilizeni vizuri. Mawe yale ni chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo bila hiyo hatuwezi kuishi. Moto wa makaa huitoa oksijeni, na chuma hubaki. Kutu ni safari hiyo hiyo, lakini ya kurudi. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, huungana tena na oksijeni, kikawa unga mwekundu. Kazi yote ya mhunzi huharibika polepole, na chuma hurudi kuwa udongo.

Jambo hili mmeliona kwa macho yenu. Jembe lililowekwa mahali pakavu nyumbani hudumu. Jembe lililosahauliwa shambani wakati wa mvua huwa jekundu. Hivyo kanuni yetu ni fupi: zuia maji na hewa visikifikie chuma, nacho kitakungojea.

Kitangoja muda gani? Hapa tumsikilize mwalimu wa pili.

Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, kwao Ujerumani, wakaiita Graf von Götzen. Waliifungua vipande vipande, wakaileta kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa garimoshi mpaka upande wa Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikaingia majini mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1916 maadui wao walikuwa wanaikaribia Kigoma. Wajerumani hawakutaka meli ile itekwe, wakaamua kuizamisha. Lakini mafundi wao, wakiongozwa na Anton Rüter, walitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Basi kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nyingi, nene. Kisha tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi.

Baadaye Wabelgiji waliiinua, lakini ilizama tena. Mwezi wa Machi 1924 Waingereza waliiinua. Walikuta nini? Injini zilikuwa bado zinafaa! Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo katika sehemu za kusini. Iliendelea kutumia mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli. Kwa miaka mingi ilifika Kasanga, bandari ya Ufipa, ikishusha watu na mizigo.

Ndugu zangu, angalieni jambo moja. Wale mafundi walikuwa na vita mlangoni, lakini walipaka grisi kwanza. Walifanya kazi kabla ya maji kuingia. Baada ya hapo, nani angeweza kuipaka?

Katika nchi za baridi watu nao hulaza magari yao wakati wa theluji. Kule maji ya rejeta huganda na kupasua injini, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji hula chuma. Kwetu hakuna theluji barabarani, lakini unyevu tunao miezi mingi. Basi fanyeni haya mwezi wa Oktoba:

1. Osha gari, hasa chini. Tope lililoganda hushika maji. Liache likauke kabisa juani.

2. Badilisha oili ya injini, na upake grisi panapohusika. Usipake kwenye breki.

3. Jaza tangi mafuta. Tangi tupu hushika unyevu ndani.

4. Fungua betri, uiweke ndani pakavu. Ichajiwe kila mwezi.

5. Usiliweke gari juu ya majani. Chagua mahali palipoinuka, penye changarawe.

6. Zuia magurudumu kwa mawe, wala usivute breki ya mkono, maana itashikana.

7. Funika kwa turubai, lakini acha nafasi chini hewa ipite. Nailoni iliyobana hufungia unyevu ndani, nao ni mbaya kuliko mvua.

8. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa, panya wasiingie. Funga kitambaa kingine chekundu kwenye usukani, kikukumbushe kukitoa kile cha bomba kabla ya kuwasha.

Asiye na gari asiseme somo hili halimhusu. Baiskeli, cherehani, plau na jembe vyote ni chuma. Kutu haichagui.

Sasa maswali. Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane:

Kwa nini tunasema kutu ni safari ya kurudi?
Mafundi wa meli walifanya nini kabla ya kuizamisha?
Nyumbani kwako kuna chuma gani kinacholala nje usiku huu?

Mkimaliza swali la tatu, nendeni mkakiingize ndani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.