Damu Iliyotoka Omugo

Nilipanda bodaboda mjini Arua, Uganda, alfajiri, nikaelekea Omugo, ambayo siku hizi iko wilaya ya Terego. Katika makala ya kisayansi ya 1940 iliyotangaza kirusi kilichopatikana huko, jina hilo limeandikwa Omogo. Hapo, mwaka 1937, watafiti waliokuwa wakiisaka homa ya manjano walimtoa damu mwanamke wa miaka 37 aliyekuwa na homa. Damu ikapelekwa Entebbe, kwenye taasisi iliyofunguliwa 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation. Kenneth Smithburn na wenzake wakaidunga kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua na kufa. Kirusi walichokikuta hakikuwa cha homa ya manjano. Wakakipa jina la wilaya ya wakati huo, West Nile. Jina la mama yule hawakuliandika, na hilo linaniuma.

Nilikaa chini ya mwembe nikiwaza ile homa yake. Kirusi huletwa na mbu, lakini joto hupandishwa na mwili wenyewe. Seli zikishambuliwa hutoa protini ndogo ziitwazo saitokini, na baadhi yake huuamuru ubongo uongeze joto.

Mojawapo ya saitokini hizo iligunduliwa London mwaka 1957. Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakaviloweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Yale maji wakayamimina juu ya vipande vingine vibichi. Virusi hai vilipowekwa humo vilishindwa kuzaana. Kilichovizuia wakakiita intaferoni. Kwangu mimi hiyo ni mbiu ya mgambo: seli iliyovamiwa huipiga, jirani zake wakajifungia kabla adui hajafika. Lakini mbiu lazima inyamazishwe kwa wakati, maana isipokoma mwili huanza kujishambulia, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wengi wa lupasi.

Kirusi cha Omugo kiliingia New York mwaka 1999, kikasambaa karibu Marekani nzima. Hata hivyo, watu wanane kati ya kumi wanaoambukizwa hawajisikii lolote. Mmoja hivi kati ya 150 ndiye hupatwa na ugonjwa wa ubongo au uti wa mgongo. Kwa nini huyo na si mwenzake? Mwaka 2023 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Italia na Hungaria walipata jibu zito: karibu asilimia 40 ya waliovimba ubongo walikuwa na kingamwili zinazoikaba intaferoni yao wenyewe. Mbiu ilipigwa, lakini haikusikika.

Nikaendelea hadi Koboko. Katika zahanati moja, muuguzi alimchoma kidole mama mmoja, akadondosha damu kwenye kipimo cha malaria. Tukangoja. Ukatokea mstari mmoja tu.

“Malaria hakuna, mama.”

“Na hii homa?”

Muuguzi akampa panadol, akaitupa pamba yenye damu kwenye ndoo.

Tone kama hilo ndilo lililosafiri hadi Entebbe miaka ile. Taasisi ileile, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI), ina kituo Arua kinachochunguza tauni; kwa hiyo utaalamu hauko mbali. Naiomba Wizara ya Afya ifikishe vipimo vya homa za virusi hadi zahanati za Koboko na Omugo. Damu ya huku iliufundisha ulimwengu. Wenye damu nao wapewe majibu yao.