Rejesho la mkopo

Rejesho la mkopo ni kiasi cha fedha ambacho mkopaji humlipa mkopeshaji kila kipindi, kwa kawaida kila mwezi, ili kupunguza deni pamoja na riba yake. Hesabu ya rejesho hutegemea mifuatano ya namba, mada ambayo katika shule za sekondari za Tanzania imekuwa ikifundishwa kidato cha tatu pamoja na riba.

Nchini Tanzania watu hukopa benki, kwenye SACCOS, kwenye vikundi vya VICOBA na kwa wakopeshaji binafsi. Hao wote, isipokuwa benki za kawaida, husimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mikopo yenye masharti magumu mitaani huitwa "kausha damu". Mara nyingi ugumu wake haumo katika asilimia iliyotajwa bali katika namna asilimia hiyo inavyohesabiwa.

Mfano

Mfanyabiashara wa dagaa wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza, amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Maneno hayo yanaweza kuwa na maana tatu.

Riba isiyopungua

Riba hutozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata baada ya sehemu kubwa kulipwa. Riba ya mwezi ni 24,000, ya mwaka 288,000, na rejesho ni 1,488,000 ÷ 12 = shilingi 124,000. Ni hesabu rahisi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini mwezi wa 12 mkopaji anadaiwa 100,000 tu za mkopo wenyewe, na bado anatozwa riba ya 1,200,000.

Riba inayopungua, mkopo ukilipwa kwa mafungu sawa

Kila mwezi hulipwa 100,000 za mkopo, pamoja na riba ya salio. Riba huwa 24,000, kisha 22,000, kisha 20,000, hadi 2,000. Huu ni mfuatano wa hesabu wenye tofauti ya −2,000. Jumla yake ni nusu ya idadi ya namba mara jumla ya namba ya kwanza na ya mwisho:

12 ÷ 2 × (24,000 + 2,000) = 156,000

Rejesho la kwanza ni 124,000 na la mwisho 102,000.

Riba inayopungua, rejesho likiwa sawa

Njia hii hutumiwa sana na benki. Tuseme mkopo ni D, riba ya mwezi ni r, rejesho ni R, idadi ya miezi ni n, na q = 1 + r. Baada ya mwezi mmoja deni ni Dq − R. Baada ya miezi miwili ni Dq² − Rq − R. Baada ya miezi n ni:

Dqⁿ − R(1 + q + q² + … + qⁿ⁻¹)

Yaliyo ndani ya mabano ni mfuatano wa jiometri wenye uwiano q, na jumla yake ni (qⁿ − 1) ÷ r. Mkopo ukiisha deni ni sifuri, hivyo:

R = D × r × qⁿ ÷ (qⁿ − 1)

Kwa mfano wetu q¹² = 1.02¹² ≈ 1.26824, na R ≈ shilingi 113,472. Riba yote ni takriban 161,658. Katika rejesho la kwanza 24,000 ni riba na 89,472 hupunguza mkopo; la pili hupunguza 91,261. Sehemu hii nayo hukua kwa uwiano wa 1.02 kila mwezi.

Kulinganisha

Kwa mkopo uleule na asilimia ileile, riba isiyopungua inamgharimu mkopaji shilingi 126,342 zaidi ya njia ya tatu. Ili rejesho la 124,000 lipatikane kwa riba inayopungua, riba ingebidi iwe karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo kulinganisha wakopeshaji wawili kwa asilimia pekee ni kosa. Linganisha jumla ya marejesho, ukiongeza ada za fomu na bima.

Wakulima wa pamba na mpunga hupata fedha kwa msimu, si kwa mwezi. Anayelipa mara moja baada ya miezi 6, riba ikizaa riba, hudaiwa 1,200,000 × 1.02⁶, yaani takriban 1,351,395.

Mikopo isiyo na riba

Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapa r ni sifuri, na kanuni ya juu haitumiki kwa kuwa ingeleta sifuri kugawanywa kwa sifuri. Jumla ya 1 + q + … inakuwa n, na rejesho ni D ÷ n: shilingi 100,000 kwa mwezi.