Alikwenda au Alichukuliwa? Vitenzi vya Kazi ya Lazima katika Mashamba ya Mkonge ya Tanga



1. Utangulizi

Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu niliombwa nizungumzie lugha na historia. Uwanja huo ni mpana, nami nimechagua kuuingia kupitia mlango mmoja mdogo: kiwanda cha mkonge katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, nilichokitembelea ili kukusanya msamiati wa kazi. Nilikwenda kutafuta nomino, nikarudi na swali kuhusu vitenzi. Swali lenyewe ni hili: lugha huhifadhi vipi kumbukumbu ya kazi ambayo mtu hakuichagua, ikiwa jina la kazi hiyo halimtofautishi aliyekuja kwa hiari na aliyeletwa kwa nguvu?

2. Kiwanda na majina yake

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalichipuka mashamba ya Pangani, Tanga, Muheza na Korogwe, na baadaye yale yaliyo kandokando ya Reli ya Kati.

Mgeni anayekaribia kiwanda hukisikia kabla ya kukiona. Majani hulishwa katika mashine yenye magurudumu ya meno butu. Mashine huponda nyama ya jani, maji huzisukuma taka, na singa hutokea upande wa pili zikiwa mbichi. Huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hufungwa marobota. Mashine hiyo huitwa korona. Ni jina la kibiashara la mashine zilizoundwa na Krupp Grusonwerk ya Magdeburg, Ujerumani, ambalo wafanyakazi walilichukua na kulipa matamshi yao, hata likawa jina la kiwanda kizima. Kabla ya mwaka 2020 neno hilo, masikioni mwa mtu wa Korogwe, halikuwa na uhusiano wowote na maradhi.

Maneno mawili mengine yanatuhusu zaidi. La kwanza ni kipande, yaani kadi iliyogawanywa katika nafasi za siku 30 za kazi. Siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa, na kipande kisichojaa hakikuleta mshahara. La pili ni manamba. Asili yake ni namba, neno tulilolipata kutoka Kiingereza. Mtu aliyeandikishwa kwa mkataba mbali na kwao alipewa namba, na namba ikawa ndiyo utambulisho wake mbele ya karani na mnyapara. Kisarufi neno hili lina tabia ya kuangaliwa. Namba kwa kawaida haihitaji kiambishi cha wingi, lakini hapa imepewa ma-, kisha ikachukua upatanisho wa viumbe: manamba wamefika. Tena neno hilo lina maana ya hali, si ya watu pekee, kwani husemwa kwamba fulani "alikwenda manamba". Jijini Nairobi neno hilohilo hutumika kwa watu wanaoita abiria wa matatu, na anayelisikia huko hana sababu ya kufikiria mkonge.

3. Vita na mkonge

Vita Kuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, mkonge wa Tanganyika ulipoteza masoko yake katika bara la Ulaya. Mambo yaligeuka mwaka 1942. Japani ilikuwa imeziteka Malaya, Singapore, Java na Ufilipino, na kwa hiyo mataifa yaliyoungana dhidi yake yalikosa kwa mpigo mmoja mpira wa Malaya, mkonge wa Java na katani ya Manila. Meli zilihitaji kamba, na mavuno ya nafaka yalihitaji uzi wa kufungia. Serikali ya Uingereza ikawa ndiyo mnunuzi wa mkonge wote wa Tanganyika, na mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi za Wajerumani yakafufuliwa.

Kilichopungua ni watu. Kwa ujira uliokuwa ukitolewa, waliokuja wenyewe hawakutosha. Serikali ya kikoloni ikatumia kanuni za dharura za wakati wa vita kuwaandikisha watu kwa lazima. Machifu walitakiwa watoe idadi fulani ya wanaume wenye nguvu, na kadiri vita vilivyoendelea, mashamba ya mkonge nayo yalipata sehemu ya watu hao. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Kenya nayo ilianza mwaka 1942 kuwapeleka watu kwa lazima katika mashamba ya walowezi, na mwaka huohuo Wabelgiji waliongeza siku za kazi ya lazima katika Kongo kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Naomba tutue kidogo katika lugha ya sheria. Hati ya udhamini ambayo kwayo Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Tanganyika kwa Uingereza mwaka 1922 ilikataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma na kwa malipo ya haki. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ulikataza kazi hiyo pia, lakini ukaiweka nje ya maana ya neno hilo kazi inayodaiwa wakati wa dharura, vita vikiwamo. Hivyo shamba la mtu binafsi, lenye faida ya mtu binafsi, lilipata kuhesabiwa kuwa hitaji la umma kwa nguvu ya neno moja: dharura. Jani la mkonge halikubadilika, wala korona. Kilichobadilika ni jina la sababu.

4. Baba na baba mdogo

Katika kambi iliyo jirani na kiwanda nilikutanishwa na mzee mmoja aliyevuka miaka 80, mstaafu wa kitengo cha brashi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniagizia kiti. Baada ya kujuliana hali nilimwuliza kama baba yake alikuwa manamba.

"Manamba, ndiyo. Hapa nani si mtoto wa manamba?"

"Alikuja mwaka gani, mzee?"

"Hakuja. Aliletwa. Wakati wa vita vya Hitler."

"Alijiandikisha kwao?"

"Aliandikwa, mwalimu. Aliyejiandikisha ni baba mdogo. Huyo alikuja mwenyewe, vita vimekwisha, anatafuta fedha ya mahari."

"Na kwenye kipande walitofautishwa?"

"Kipande kitasema nini? Namba ni namba."

Ndugu zangu, watu hao wawili ni wa tumbo moja, walifanya kazi katika shamba moja, na jina lao ni moja: manamba. Nomino haiwatenganishi. Lakini mzungumzaji huyu, ambaye hajapata kusoma sarufi, aliwatenganisha mara mbili bila kusita. Kwanza alikataa kitenzi changu -ja akaweka -letwa. Pili, alikataa -jiandikisha akaweka -andikwa. Katika -jiandikisha, kiambishi rejeshi -ji- kinamfanya mtu awe mtenda na mtendwa wa jambo lilelile, nacho kinabeba hiari. Katika -andikwa, kauli ya kutendwa inamwacha mtu akiwa mtendwa tu. Na tuone kilichokosekana: hakukuwa na "na". Aliandikwa na nani? Na chifu, na karani, na Bwana Shauri? Kiswahili kinaturuhusu tusimtaje mtenda, na mzee hakumtaja. Hata hivyo, hiari haikupewa mtu asiyekuwa nayo.

Sipendi kujenga nyumba juu ya nguzo moja. Ushahidi wa mzungumzaji mmoja ni dokezo, si hitimisho. Tena yawezekana kwamba mtoto wa manamba anachagua -letwa ili kumlindia baba yake heshima, kwa kuwa kwenda manamba kulidharauliwa katika sehemu nyingi. Dokezo kama hili linapaswa kupimwa kwa masimulizi ya kambi nyingine na kwa majalada ya wilaya yaliyomo katika Nyaraka za Taifa. Lakini anayeingia katika majalada akiwa na nomino pekee atawahesabu manamba wote pamoja, na tofauti tunayoitafuta itampita.

5. Waliopata jina na wasiopata

Waliochukuliwa kwenda jeshini katika vita hivyo walipata jina lao, keya, kutokana na herufi za kikosi cha Waingereza, na jina hilo husemwa mpaka leo kwa fahari. Askari na wapagazi wa vita vilivyotangulia wana sanamu yao Dar es Salaam tangu mwaka 1927. Waliochukuliwa kwenda kukata mkonge kwa ajili ya vita hivyo hivyo vya pili hawakupata neno la peke yao, na katika kiwanda nilichokitembelea sikuona hata kibao kinachowataja.

Mwaka 1948, huko Nuremberg, mahakama ya Marekani ilimtia hatiani Alfried Krupp, mwenye kampuni iliyoziunda korona, kwa makosa ambayo mojawapo ni kutumia kazi ya utumwa katika viwanda vyake wakati wa vita. Silinganishi mateso ya viwanda vile na maisha ya mashamba ya Tanga, hayalingani. Ninachosema ni kwamba kule tendo lilitajwa kwa jina lake, likaandikwa, na mtenda akajulikana. Huku limebaki katika kitenzi kisicho na mtenda, kinywani mwa mzee wa kambini.

6. Hitimisho

Kwa wanafunzi mtakaokwenda uwandani nina ombi moja la kitaaluma. Tumezoea kurudi na orodha za maneno: nomino upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Nami nilikwenda hivyo. Andikeni sentensi nzima. Mwulizeni msimulizi jinsi mtu alivyofika kazini, kisha msikilize kitenzi atakachokikataa na kile atakachokiweka mahali pake. Waliochukuliwa mwaka 1944 karibu wote wametutoka. Watoto wao, waliozisikia habari hizi kutoka vinywani mwa baba zao, nao sasa ni wazee sana. Wao ndio bado wanajua ni nani aliyekuja na ni nani aliyeletwa.